Alama nyeusi chini ya kitambaa

Jumamosi, 11 Novemba 2006
Grand Prairie

Leo jua halijatokea kabisa. Mbingu imeshuka chini, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo, na upepo wa kaskazini unapenya kwenye mlango wa roshani hata ukiufunga. Ni saa kumi tu, na taa ya sebuleni nimeshaiwasha. Vidole vyangu ni vya kahawia mpaka kwenye kucha na vinanuka dawa. Ninaandika kwa ncha za vidole ili nisichafue kibodi, maana hata kibodi ina kitambaa chake hapa kwetu.

Wiki nzima sijaandika. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Niliogopa kulisoma.

Nimemharibia Mama kitu ambacho hakina duka.

Nianze na meza yenyewe. Ni meza ya sebuleni, fupi, ya mbao ya mwaloni, ina miguu minne minene kama ya ndama. Tulipewa na Auntie Mumbua miaka mitatu iliyopita alipohamia Houston. Auntie si dada yake Mama wa kuzaliwa. Walikutana kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mmoja Mkamba na mmoja Mtaita, wakawa ndugu kwa kubadilishana zamu na vyakula. Yeye naye meza alipewa na familia ya Watanzania waliokuwa wakiishi Mesquite, na hao sijui waliipata wapi. Ndivyo vitu vya nyumba vinavyotembea miongoni mwetu wahamiaji huku ughaibuni. Ukifika unapewa, ukipata chako kizuri unampitishia aliyefika jana. Mimi na Mama tulifika na masanduku mawili nikiwa na miaka kumi, na karibu kila kitu ndani ya nyumba hii kimewahi kuwa cha mtu mwingine. Siku Auntie alipoileta meza alisema, "Hii imelea watoto wengi kunishinda. Mkiichoka msiitupe."

Hatukuichoka. Tunalia hapo chakula kila siku, tumekaa ukingoni mwa kochi na sahani karibu na magoti. Hesabu zangu nafanyia hapo. Mama hukunjia hapo nguo zake za kazi.

Lakini ilikuwa imechakaa. Vanishi ilikuwa ikibanduka kama ngozi baada ya jua kali. Kulikuwa na miviringo myeupe ya vikombe. Na katikati, chini ya kitambaa cha kufuma cha rangi ya maziwa, kulikuwa na alama nyeusi ya kuungua, kubwa kama kiganja cha mtoto.

Yeyote aliyekulia kwenye sebule ya Kikenya anajua habari za vitambaa. Televisheni ina chake, redio ina chake, kila mkono wa kochi una chake. Huulizi kitambaa kiko pale kwa nini, kama vile huulizi kwa nini ukuta una rangi. Kile cha mezani nilidhani kiko pale kwa sababu ileile inayonifanya mimi nivae sweta juu ya shati lenye doa. Nilidhani mgeni fulani aliwahi kuweka sufuria ya moto, na Mama anaficha aibu.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa haraka. Nilikosea taratibu, kwa bidii, nikiwa na kitabu mkononi.

Auntie Mumbua anakuja kwa Thanksgiving, sikukuu ya hapa ya kushukuru, na safari hii analeta wageni wawili wa kanisani kwao. Nilitaka wakute meza mpya. Nilitaka Mama atoe kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu, na chini yake pawe safi. Nilikuwa nimeiota picha hiyo mpaka nikaijua kwa moyo. Mimi si mtu wa kusema mengi. Wageni wakija huwa nasalimia, napeleka chai, kisha napotea. Nilifikiri meza itanisemea.

Nikaazima kitabu cha kutengeneza samani kwenye maktaba ya shule. Nikakisoma mara mbili. Kitabu kilisema uangalie kwanza ukingo wa meza kama mistari ya mbao inaendelea kutoka juu hadi pembeni, ili ujue ni mbao kamili na si ngozi nyembamba iliyobandikwa juu ya takataka. Nikaangalia. Ilikuwa mbao kamili. Kitabu kilisema usugue kufuata mistari ya mbao, kamwe usisugue kwa kuikata mistari. Nikafuata. Kilisema mengi, na yote niliyatii.

Hakikusema, muulize mwenyewe kwanza.

Jumamosi iliyopita Mama alikuwa na zamu ya saa kumi na mbili, kutoka saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Alipoondoka tu, nikaburuta meza hadi roshani, nikatandika magazeti, nikapaka dawa ya kuondoa vanishi, nikaikwangua kwa kadi ya zamani ya maktaba. Ilitoka kama jemu iliyoungua. Kisha nikachukua msasa, ule mkali kwanza. Miviringo ya vikombe iliondoka upesi. Ile alama nyeusi haikutaka. Nilipiga magoti nikaisugua kwa saa mbili nzima. Ilikuwa imeingia ndani kuliko nilivyofikiri. Vumbi lake lilikuwa jeusi na laini, likanuka kidogo kama jiko lililozimwa. Mabega yaliniuma mpaka nikawa nabadilisha mkono, kulia, kushoto, kulia. Nilipomaliza kulikuwa na kibonde kidogo pale, ambacho huwezi kukiona ila kwa kupitisha kiganja. Nikafagia vumbi lote, nikalimwaga kwenye mfuko wa taka, nikaushusha mfuko chini kwenye pipa kubwa.

Niliimba nikishuka ngazi. Nakumbuka hilo vizuri, na ndilo linaloniuma.

Mama aliporudi alisimama mlangoni akanusa. "Uuh, harufu gani hii?" Nikamwambia afumbe macho. Hakufumba. Alikwenda moja kwa moja hadi roshani na viatu vya kazi miguuni. Taa ya nje ilikuwa inawaka. Aliinama, akaweka kiganja juu ya mbao tupu, katikati kabisa, bila kupapasa. Mkono wake ulifika pale kama unavyofika kwenye swichi ya chumba chako.

"Ile nyeusi iko wapi?"

"Nimeitoa yote, Mama," nikasema. Nilikuwa nikitabasamu. "Imenichukua saa mbili."

Aliondoa kiganja. "Umefanya kazi," akasema.

Kisha akaingia chumbani kwake na viatu miguuni, akafunga mlango. Mama hajawahi kupita zulia la mlangoni na viatu tangu tuhamie hapa. Nikajiambia amechoka. Nikala peke yangu, sahani mapajani, maana meza ilikuwa nje.

Jumapili hakwenda kanisani. Alisema kichwa kinamuuma. Jumatatu alikwenda kazini, akarudi, akapika, akala. Kila nilipouliza kitu alinijibu vizuri, kwa upole, kama anavyowajibu wazee wa kazini. Nafikiri ningependelea anigombeze.

Jumanne Auntie Mumbua alipiga simu kutoka Houston akitaka kujua alete viazi vitamu vingapi. Mama alikuwa bafuni, nikapokea mimi. Auntie hajui kunyamaza, na ukiwa naye huna haja ya kutafuta maneno. Nikamwambia kuhusu meza, nikidhani atafurahi, na labda atanielezea Mama ana nini.

"Ati umeichuna ngozi!" akacheka. "Wewe msichana, hata fundi wa soko la Gikomba angeuliza mwenye meza! Na ile alama ya mshumaa je?"

"Nimeiondoa."

Simu ilikaa kimya. Sijawahi kumsikia Auntie Mumbua akikaa kimya.

"Mama yako amesema nini?"

"Amesema nimefanya kazi."

"Ai, mtoto wangu," akasema. "Ai."

Kisha akanieleza. Niandike hapa jinsi alivyonieleza, ili nisije nikailainisha baadaye.

Mwaka jana mwezi wa pili Nyanya, mama yake Mama, alifariki kwetu Wundanyi. Mama hakuweza kwenda kumzika. Karatasi zake zilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na wakili alimwambia kwamba akitoka huenda asiruhusiwe kuingia tena. Haya nilikuwa nayajua. Nilijua pia kwamba watu walikuja nyumbani kwetu kuomba, walijaa mpaka jikoni, na kwamba maziko yalisikilizwa kwa simu. Kule yalianza saa nane mchana, huku ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mjomba alishika simu karibu na kaburi, na huku simu ya Mama ililala mezani, sauti imefunguliwa yote.

"Mshumaa niliusimamisha mimi," Auntie akasema. "Stima hazikuwa zimepotea, lakini mkono umezoea, unaskia? Nikadondosha nta, nikaubandika papo hapo juu ya mbao, bila kisahani, kama nyumbani. Picha ya nyanya yako hapa, mshumaa hapa. Mama yako akasema uwake mpaka wamalize kufukia. Simu ikakatika, tukapiga tena, ikakatika. Mara nne. Sisi tumeinamisha vichwa, tunasikia sepetu, tunasikia upepo wa Taita, nani ataangalia mshumaa? Kufungua macho, umekwisha wote na meza imeungua. Nikamwambia, shoga yangu nisamehe, nimekuharibia meza. Unajua alinijibu nini? Alisema, wacha hivyo. Wao wana kaburi kule. Mimi nitakuwa na hii."

Nilikuwa nimeketi sakafuni, mgongo kwenye friji.

"Usilie," Auntie akasema, ingawa sauti yake mwenyewe ilikuwa imelowa. "Ukilia hiyo vanishi haitakauka, na mimi nakuja na wageni."

Sasa naanza kukumbuka mambo ambayo niliyaona bila kuyaona. Kila Jumamosi Mama hukiondoa kitambaa ili akifue, na hufuta meza kwa kitambaa kibichi, lakini pale katikati hufuta kwa kidole. Akishatandika kingine, huweka kiganja juu yake na kukiacha kidogo. Nilidhani anakinyoosha.

Miezi ishirini nimeishi na kaburi la nyanya yangu. Nimeweka juu yake vitabu vya kemia.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, na ndilo sababu hasa ya kuandika leo. Mtu atauliza, wewe ulikuwa unaishi nyumba hiyohiyo, umekosaje kujua? Jibu ni kwamba sikuwepo. Nilikuwa chumbani. Nilipeleka vikombe viwili au vitatu, shangazi fulani nisiyemjua akanikumbatia akilia, na mimi sikuwa na chozi hata moja, nikaona haya. Nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikafungua riwaya. Kupitia ukutani nilisikia simu ikikwaruza, nikasikia wimbo wa mbali, kisha kitu kama mchanga ukimwagwa. Nikaweka mto kichwani. Nikalala. Nilipoamka watu walikuwa wakinywa chai na mandazi, mtu alikuwa akichekesha watu kwa hadithi za Nyanya, na juu ya meza kulikuwa na kitambaa.

Mama yangu alimzika mama yake akiwa sebuleni, na mimi nililala umbali wa ukuta mmoja.

Nyanya nilimjua kwa miaka kumi tu, likizo kwa likizo. Macho yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo alinifanya niwe msomaji wake. Barua, Biblia, maandishi ya pakiti ya mbolea, chochote. Nikisoma kwa kasi ili niende kucheza, alikuwa akinigonga goti. "Polepole. Maneno hayana miguu." Mapenzi ya kusoma niliyatoa kwake. Na siku ya maziko yake niliyatumia kujificha.

Jumatano nilijaribu kuomba msamaha. Mama alikuwa anakata mboga, yale majani mapana ya hapa ambayo tunayaita sukuma ingawa si sukuma. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni mpaka miguu ikachoka.

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua." Hakugeuka. Kisu kiliendelea. "Siku ile ulikuwa wapi? Nilikutafuta kwa macho."

"Chumbani."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

Alikusanya mboga kwa mikono miwili akazitia sufuriani. Mafuta yalilia. "Hata mimi nilikuwa peke yangu," akasema. "Na nyumba imejaa watu."

Nilitaka kumgusa begani, lakini katika nyumba yetu hatuna desturi hiyo, na mkono wangu ulibaki kwenye fremu ya mlango. Baadaye, akipakua, alisema, "Hiyo meza uimalizie. Haiwezi kukaa uchi. Mumbua anakuja, na wageni hawatakula sahani mapajani." Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida ya kugawa kazi. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hii kuisikia, na nilikaribia kulia kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo leo nimemalizia. Au nimeanza kumalizia.

Aliondoka asubuhi kwa zamu fupi. Nikaingiza meza sebuleni kwa sababu nje ni baridi na rangi haishiki kwenye baridi, nikafungua madirisha, nikavaa koti. Nikapaka rangi ya mbao, ile nyepesi kama maji, inayonywewa na mbao badala ya kukaa juu. Unapaka kwa tambara, unasubiri kidogo, unafuta. Sikuimba. Nilianza pembeni nikiwa sitaki kufika katikati. Mbao ilikunywa rangi vizuri, mistari ikatokea, kahawia juu ya kahawia. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulinichukiza.

Nilipofika katikati, rangi ilikataa.

Nilidhani sikupaka ya kutosha. Nikaongeza. Ilijikusanya juu kama maji kwenye jani la nduma. Nikafuta, na chini ya tambara mbao ikabaki nyeupe, duara zima, kubwa kama kiganja cha mtoto. Kila mahali meza ilikuwa imekolea, pale tu hapakukolea. Nikapaka mara ya tatu. Ilikataa mara ya tatu.

Nilikwenda kukiangalia kitabu, na vidole vikaacha alama kwenye ukurasa, na maktaba watanitoza. Imeandikwa humo. Kama nta iliwahi kuyeyuka juu ya mbao, hupenya chini zaidi ya moto, chini zaidi ya msasa, na rangi haitashika. Moto uliacha weusi kwa juu, na huo nilikuwa nimeutoa. Nta ilikwenda chini kuliko nilivyoweza kufika.

Chini yake kuna maelezo ya namna ya kuiondoa. Unalowesha tambara kwa tapentaini, unasugua, unapanguza, unarudia mara nyingi, kisha unapiga msasa tena. Tapentaini ninayo, iko chini ya sinki. Zamani hizo, yaani Jumamosi iliyopita, ningekuwa nimeshaifungua.

Nimeketi tu naangalia. Sitaki kujidanganya kwamba nimemrudishia Mama alichokuwa nacho. Hiki si kile. Kile kilikuwa cheusi, kilikuwa na kingo zilizochongoka upande mmoja ambapo moto ulikimbilia, na kilinuka jiko. Mama alikijua kwa kidole. Hiki ni cheupe na kimya, na labda akikiona kitamuuma zaidi, kama kovu mahali palipokuwa na mkono. Labda atasema niondoe. Labda atasema "umefanya kazi" tena, na ataingia na viatu.

Sijui. Na jambo ambalo nimelijua wiki hii ni kwamba nisipojua, niulize.

Kitambaa kimefuliwa na kukauka. Nimekikunja, nimekiweka kwenye kiti kilicho karibu na mlango, pale anapovulia viatu. Sikukitandika. Kama ni cha kutandikwa, atakitandika mwenyewe, na kama ataweka kiganja juu yake, safari hii nitakuwa naangalia. Nitamwomba anisimulie ile alfajiri, simu ilikatika wapi na wapi, waliimba nini, mjomba alisema nini. Nitamwambia nilisikia mchanga kupitia ukutani. Sijui kama hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliyetoka kazini.

Gari lake limeingia. Nalijua kwa ile breki inayolia. Sasa ngazi. Sasa funguo.

Leo siendi chumbani.